Maswali Ninayoulizwa Kila Siku Kibandani: Simu, TV, Chaja na Vidude Vilivyomo Ndani

Kibanda changu kiko Ngamiani, Tanga. Natengeneza redio, TV, sabufa, ving'amuzi na, kwa kuwa siku hizi hazikwepeki, simu. Maswali haya sikuyatunga. Ndiyo yale yale yanayokuja na kila mfuko unaowekwa mezani pangu, na mengi huwa nayajibu nikiwa nimeinama, pasi ya kulehemu mkononi. Nimeanza na mepesi. Ukikuta nimeandika "tazama swali la 11", ujue sipendi kurudia maneno.

## Tuanze na vilivyomo ndani

1. Kifaa cha umeme na kifaa cha elektroniki vina tofauti gani?

Pasi ya zamani inapokea umeme na kuugeuza joto, basi. Feni inaugeuza mzunguko. Hivyo ni vifaa vya umeme. Kifaa cha elektroniki kinautumia umeme kubeba habari au kutoa amri: redio inachambua stesheni moja kati ya nyingi zilizojaa hewani, rimoti inaiambia TV iongeze sauti, simu inageuza sauti yako kuwa namba na kuzirusha mnarani.

Mpaka wenyewe umeshafutika. Jiko la kupikia wali, mashine ya kufulia, hata friji la kisasa, vyote vina bodi ndani. Fundi wa friji asiyejua kushika mita leo anapata tabu.

2. Vile vidude vidogo kwenye bodi vinaitwaje, na kila kimoja kina kazi gani?

Chukua chaja iliyokufa, uibanue. Ndani utakuta bodi isiyozidi kiberiti, na karibu ukoo wote uko hapo.

Kijiti chenye pete za rangi ni rezista, kazi yake kubana mkondo. Zile rangi ni namba: kahawia, nyeusi, nyekundu ni omu 1,000. Kikopo kilichosimama kama pipa ni kapasita. Hiki kifikirie kama jaba la maji la nyumbani: bomba likitoka kwa kusuasua, wewe jabani unachota bila kukatika. Dayodi ni mlango wa dema. Samaki anaingia, hatoki. Mkondo unapita upande mmoja tu, na ndivyo umeme wa ukutani unaokwenda mbele na nyuma mara 50 kwa sekunde unavyonyooshwa uweze kutumika na simu.

Transista ni koki. Mkondo mdogo sana kwenye mguu mmoja unafungua au kufunga mkondo mkubwa kwenye miguu mingine miwili. Na lile dude jeusi lenye miguu mingi kama tandu ni aisii: ndani yake zimo transista nyingi zilizokwisha kuunganishwa kiwandani.

Ukivishika hivi vitano, umeshajua kwa nini sehemu kubwa ya vifaa vinavyoletwa kwangu vimekufa. Karibu kila mara ni kimoja tu kati yao kilichokufa, vingine vizima.

3. Transista ina nini hasa, hadi isemwe imebadilisha dunia?

Kabla yake, redio zilitumia valvu, yaani chupa za kioo zenye waya wa moto ndani. Zilikula umeme mwingi, zilichukua muda kupata moto ndipo ziseme, na ukiangusha moja ndiyo basi. Desemba 1947, kwenye maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, John Bardeen na Walter Brattain, wakiwa chini ya William Shockley, walifanikiwa kukuza mkondo kwa kipande cha jemaniamu. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956.

Kilichotugusa sisi huku ni redio. Redio ya transista iliweza kuimba kwa betri za kawaida za mawe, kwa hiyo ikafika shambani ambako nguzo ya umeme haijawahi kuonekana. Wazee watakuambia habari za betri kuwekwa juani kwenye bati ili "zipate nguvu" kabla ya taarifa ya habari. Hazikuwa zinajichaji, joto liliamsha kidogo tu kemia iliyobaki.

Baadaye zikaanza kubanwa nyingi mahali pamoja. Jack Kilby alionyesha saketi ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1958. Aisii ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista kama 2,300. Simu janja za bei ya juu za leo zina zaidi ya bilioni 10 kwenye kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Ikiharibika hiyo, usinipe pasi yangu ya kulehemu, nipe pole.

## Umeme wa nyumbani

4. Kwa nini vifaa huungua umeme unaporudi, na si unapokatika?

Kwa sababu unaporudi, mtaa mzima unavuta kwa pamoja: mafriji, pampu, pasi iliyosahaulika kwenye soketi. Umeme huyumba, unaweza kushuka chini sana kisha ukapaa ghafla juu ya kiwango cha volti 230. Kupaa kunaua kapasita na dayodi za mwanzo kwenye bodi ya umeme. Kushuka kunaua mota, kwa kuwa kompresa ya friji ikipewa volti 150 inashindwa kuzunguka, inavuta mkondo mwingi na kujichoma yenyewe.

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika tano. Kwa friji dakika tano hizo zina sababu nyingine: gesi iliyobanwa upande mmoja wa kompresa inahitaji muda wa kutulia, la sivyo mota inaanza ikiwa imebeba mzigo.

5. Fridge gadi, stabilaiza na fyuzi ya plagi: si kitu kimoja?

Hapana. Fridge gadi inapima umeme; ukiwa mbaya inakata, ukitulia inasubiri dakika chache ndipo irudishe. Stabilaiza haikati, inajaribu kuunyoosha. Fyuzi ya plagi haijui habari za volti kabisa. Yenyewe inakatika mkondo ukizidi, ili waya usishike moto.

Ndiyo maana nakasirika nikifungua plagi nikakuta fyuzi imevaliwa karatasi ya sigara au msumari. TV inatosha fyuzi ya ampea 3 au 5. Ya 13 ni ya birika na pasi.

6. Kuacha chaja kwenye soketi bila simu kunakula LUKU?

Kunakula umeme huo wa kulipia kabla, ila kidogo mno. Chaja nzuri ya simu ikiwa haina mzigo inatumia kama sehemu moja ya kumi ya wati, au pungufu. Zidisha kwa saa 24 na siku 30: haifiki hata sehemu moja ya kumi ya uniti kwa mwezi. Anayekula kimya kimya ni king'amuzi. Kikiwa cha wati 10 na hakizimwi ukutani, ni uniti 7.2 kwa mwezi, hata kama kile kitaa kimegeuka chekundu na wewe unaamini kimelala.

Sababu ya kuchomoa chaja ni usalama zaidi kuliko uniti. Tazama swali la 11.

7. Radi ikianza, nikizima TV kwa rimoti inatosha?

Haitoshi. Hata swichi ya ukutani haitoshi, kwani nafasi ndani ya swichi ni milimita chache na radi imeshuka kutoka mawinguni. Chomoa plagi, kisha chomoa na kebo ya ungo au antena. Hii ya pili ndiyo watu husahau. Nimepokea ving'amuzi ambavyo upande wa umeme ni mzima kabisa na tundu la kebo limekuwa jeusi kama mkaa. Wenzetu wa Kanda ya Ziwa hili wanalijua bila kufundishwa, kwani ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani.

8. Ndugu yangu ameniletea blenda kutoka Marekani. Nichomeke?

Usichomeke! Geuza chini usome kibandiko. Kikisema 120V 60Hz, hiyo ni ya huko kwao na kwetu ni karibu mara mbili. Itazunguka kwa sauti ambayo hujawahi kuisikia kwa sekunde chache, kisha moshi. Utahitaji transfoma ya kushusha, na kwa kifaa chenye wati nyingi, transfoma hiyo huenda ikawa nzito na ghali kuliko blenda.

Kikisema 100–240V 50/60Hz, kama chaja nyingi za simu na kompyuta, hakina shida, tafuta plagi tu. Vitu vinavyotoka Muscat au Dubai kwa kawaida vinaingia moja kwa moja, kwa sababu huko umeme na soketi za matundu matatu ni kama zetu.

Mikrowevu ya Marekani, hata ukiipatia transfoma, mimi siishauri. Ile 60Hz ina maana yake, na transfoma kubwa iliyo ndani yake huchemka kwenye 50Hz yetu.

9. Mita ya LUKU inajuaje kwamba nimelipa wakati haina laini ya simu?

Swali zuri kuliko yote, na huulizwa zaidi na watoto. Mita nyingi hazizungumzi na mtu yeyote. Zile tarakimu 20 za tokeni zenyewe ndizo ujumbe: zimefungwa kwa siri inayojulikana na mashine iliyouza na mita yako peke yake. Mita inazifungua, inakuta "uniti kadhaa, imetolewa wakati fulani", inaongeza uniti na kukumbuka kwamba tokeni hiyo imekwisha kutumika. Jirani akiiingiza kwake, siri hazilingani.

Na hapo ndipo ilipotoka ile kadhia ya mwaka 2024, tulipotumiwa mafungu matatu ya tarakimu badala ya moja. Muda ndani ya tokeni ulikuwa unahesabiwa kwa dakika, kuanzia Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengwa ilikuwa inaishia dakika 16,777,216. Piga hesabu: ni karibu miaka 32, na zilikuwa zinakwisha Novemba 24, 2024. Mita zote duniani za mtindo huo zilipaswa kupewa siri mpya kabla ya siku hiyo. Mafungu mawili ya kwanza yalikuwa kubadili siri, la tatu ndilo uniti zako. Kuna mzee aliniambia serikali imeweka kodi nyingine humo ndani. Kilichokwisha ilikuwa nafasi ya kuandikia namba, iliyopimwa na mainjinia walioona miaka 32 kuwa mbali.

## Simu na betri

10. Kuchaji simu usiku kucha kunaua betri?

Simu yenyewe inajua kukata. Betri ya lithiamu ya seli moja hujaa kwenye volti 4.2 au juu kidogo, na aisii ya chaji iliyomo simuni inasimamisha. Kinachoiua ni joto. Simu iliyojaa, imefunikwa mto, chumba kina nyuzi 32, kava imebana: hiyo itachoka mapema kuliko inayochajiwa mchana mezani. Ukiweza kuiacha icheze kati ya asilimia 20 na 80 itaishi zaidi, lakini sitakudanganya kwamba mimi nafanya hivyo.

Ule ushauri wa "iache ife kabisa ndipo uchaji" ulikuwa wa betri za zamani za nikeli. Kwa lithiamu ni kinyume chake. Betri hizi zilianza kuuzwa mwaka 1991 na Sony, na waliozifanyia kazi ya msingi, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipata Nobel ya kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na miaka 97.

11. Chaja ya bei rahisi ya mtaani ina ubaya gani, mbona inachaji?

Inachaji, ndiyo. Sasa fikiria kilichomo. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa na dayodi unakuwa kama volti 325. Aisii inaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde, unapita kwenye transfoma ndogo kama punje ya korosho, na upande wa pili zinatoka volti 5. Kati ya 325 na mkono wako kuna ile transfoma na mwanya wa milimita kadhaa kwenye bodi. Chaja nzuri inauheshimu mwanya huo. Mbaya, nimeziona ambazo mwanya ni unene wa ukucha na plastiki ya transfoma ni tabaka moja tu.

Dalili: kioo kinajibofya chenyewe simu ikiwa kwenye chaji, chaja inachemka hadi haishikiki, ukiitikisa kitu kinacheza ndani. Mwasho mdogo ukigusa ukingo wa chuma wa simu unaweza kutokea hata kwa chaja halali, lakini ukiwa wa kukurusha mkono, itupe. Uzito nao husema. Chaja nyepesi kama ganda tupu, mara nyingi ni ganda tupu.

12. Simu imeingia maji. Nimeiweka kwenye mchele, nisubiri siku ngapi?

Itoe, mchele upike. Hauwezi kuvuta maji yaliyokaa chini ya aisii, na unaacha unga kwenye tundu la chaji. Zima mara moja, usibonyeze kitu kuona kama bado inafanya kazi, usichaji. Maji peke yake hayana haraka ya kuua. Maji pamoja na umeme ndiyo yanayokula shaba.

Hapa Tanga wengi huja na simu iliyoingia maji ya bahari, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Chumvi inapitisha umeme vizuri na haikauki ikaisha, inabaki. Ilete saa hiyo hiyo, usisubiri Jumatatu. Mimi natoa bodi, naisuuza kwa maji yaliyochujwa, naipiga mswaki kwa spiriti, halafu naiacha mbele ya feni. Iliyofika ndani ya saa moja mara nyingi hupona. Iliyokaa siku tatu kwenye mchele, nikifungua nakuta kijani kama kutu ya sufuria ya shaba.

13. Betri imevimba na kuinua kioo. Niitoboe hewa itoke?

Usithubutu. Ile ni gesi inayoweza kuwaka, na ukitoboa, tabaka mbili zilizotenganishwa ndani zinagusana. Moto wake hauzimwi kwa kupuliza. Zima simu, usiibane, usiichaji tena, iweke kwenye debe lenye mchanga, nje, mbali na watoto, kisha ilete. Na usiitupe shimoni pamoja na takataka zinazochomwa.

14. Pawabenki yangu imeandikwa 20,000, simu ni 5,000. Mbona haichaji mara nne?

Ile 20,000 (mAh, kipimo cha chaji) ni ya betri za ndani zenye volti 3.7. Kuzipandisha hadi 5 na simu kuzishusha tena kunapoteza njiani. Mara tatu ni haki yako. Ikikupa mara moja, umeuziwa maandishi.

Wasafiri: 20,000 ni saa-wati 74. Ndege nyingi huruhusu hadi 100 bila kuomba kibali, kwenye begi la mkononi tu, kamwe si kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege.

15. Kitochi hakina intaneti. Kinatumaje pesa?

Kwa sababu kadi ya simu ni kompyuta ndogo, ina ubongo wake na kumbukumbu yake, na simu ni kama kiti ilichokalia. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, menyu yake ilikaa kwenye kadi yenyewe na maombi yalisafiri kwa ujumbe mfupi uliofungwa kwa siri. Zile huduma za nyota na reli hazihifadhi hata menyu: kila unachokiona kinaletwa na mtandao wakati huo huo, ndiyo maana ukichelewa kujibu inakutoa.

Watu wa nje hushangaa kuona nchi zilizoruka benki zikaenda moja kwa moja kwenye simu. Kazi hiyo kubwa ilifanywa na simu ya bei ya chini kabisa, na mimi kitochi sikidharau. Nikifungua, nakuta bodi iliyo wazi, nafasi ya kupitisha pasi, betri inayotoka kwa kucha.

16. Nitajuaje kama simu ni feki kabla sijatoa pesa?

Bonyeza *#06#. Itatokea namba ya IMEI, tarakimu 15. Linganisha na ya kwenye boksi. Hapa Tanzania, TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu zenye IMEI za kughushi Juni 2016, na wiki hiyo meza yangu ilijaa simu nzima kabisa zilizogeuka saa na tochi. Hakuna fundi aliyeweza kufanya kitu cha halali. Ukinunua kwa mtu, iwe Kariakoo au Luthuli kule Nairobi, weka laini yako upige kwanza.

## TV, sabufa na taa

17. TV inawaka taa nyekundu tu, haiendelei. Nimeambiwa bodi imekufa.

Labda. Ngoja nikupe ya mwezi uliopita. Mama mmoja wa Chumbageni alileta flati ya inchi 32 akiwa ameshakata tamaa. Alitaka kuiuza skrepa. Nikafungua skrubu za nyuma, nikaimulika bodi ya umeme. Kapasita nne zimepanga mstari, tatu vichwa vyao bapa kama sarafu, ya nne imeumuka kama andazi na kwenye mguu wake kuna ukahawia wenye harufu ya samaki aliyelala. Mikrofaradi 1,000, volti 16. Nikaweka ya volti 25 yenye alama ya nyuzi 105. Dakika ishirini na pasi. Taa ikageuka kijani. Kapasita yenyewe bei yake haizidi chai na maandazi mawili.

Kapasita za namna hii zina kimiminika ndani, na joto hukikausha. Kanuni ya mafundi: kila nyuzi 10 ukipunguza, umri wake unakaribia kuongezeka maradufu. Kwa hiyo TV iliyobanwa ukutani bila pumzi, au sabufa iliyofunikwa kitambaa cha mapambo, inajikaanga polepole. Ondoa kile kitambaa.

18. TV ina sauti, haina picha. Kioo kimekwenda?

Usiku, zima taa za chumba, uimulike skrini kwa tochi kwa ubavu. Ukiona picha hafifu inacheza, kioo ni kizima na kilichokufa ni taa za nyuma. Ni vipande vya LED vilivyofungwa mfululizo. Ikiungua moja, mstari wote unazima. Vinapatikana na vinabadilishwa. Baada ya hapo punguza mwanga kwenye menyu, maana TV nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kuwaka kupita kiasi ili zipendeze dukani.

19. Taa za LED zinasemwa miaka kumi. Yangu imekufa miezi sita.

LED yenyewe huenda ingefika. Kilichokufa ni bodi ndogo iliyojificha kwenye shingo ya taa, pamoja na ile kapasita ya swali la 17, iliyopikwa na joto lisilo na pa kutokea. Taa yenye shingo ya chuma na uzito kidogo hudumu kuliko ile ya plastiki tupu.

Bado zina faida. Taa ya zamani ya wati 60 kwa saa tano kila usiku ni uniti 9 kwa mwezi. LED ya wati 9 ni uniti 1.35. Tumezichelewa kwa sababu rangi ya bluu iliwasumbua wataalamu hadi miaka ya 1990, na bila bluu hupati mwanga mweupe. Akasaki, Amano na Nakamura waliovuka hapo walipewa Nobel mwaka 2014.

20. Kitu gani cha ajabu umewahi kukikuta ndani?

Mjusi kafiri. Si mmoja, ni wengi mno. Anafuata joto la king'amuzi, anaingia kwa matundu ya hewa, mkia unagusa huku kichwa kinagusa kule, kwenye zile volti 325. Unamkuta amekauka kama kijiti, fyuzi imelipuka. Usizibe matundu, shona chandarua laini juu yake. Na msipulize dawa ya mende ndani ya kifaa kinachowaka.

## Kwenda kwa fundi, na baada ya hapo

21. Fundi akisema "bodi imekufa", nimwamini?

Muulize kipande gani kimekufa na amekipimaje. Fundi aliyepima atakuambia: "Hapa panatakiwa volti 12, nimepata 3." Aliyekisia atarudia "bodi". Nakiri kwamba hata sisi wazoefu hulitumia neno hilo tukichoka kutafuta. Omba kilichotolewa urudishiwe mkononi.

Kuna bodi zinazokufa kweli: aisii kubwa iliyopasuka lehemu chini yake, kutu iliyoingia kati ya tabaka za bodi, au radi iliyopita kote. Hapo kununua bodi nyingine ya mtumba ni nafuu kuliko kunilipa mimi kwa siku tatu.

22. Ni kweli simu zetu zina madini ya Kongo?

Ni kweli. Baadhi ya kapasita ndogo, zile za rangi ya njano au nyeusi zisizozidi punje ya mtama, nyingi zina tantalamu, inayotoka kwenye koltani. Rubaya, wilaya ya Masisi, Kivu Kaskazini, ni moja ya machimbo makubwa ya koltani, na watu wanachimba kwa sururu na koleo. Waasi wa M23 waliuteka mji huo mwaka 2024. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010 kuyataka makampuni yaseme madini yao yametoka wapi, mifuko ikaanza kufungwa vibandiko. Vibandiko navyo vinauzwa. Kobalti ya betri nayo, sehemu kubwa ya ile ya dunia inachimbwa upande wa Kolwezi.

Wachimbaji wa Rubaya na wa Kolwezi wanazungumza Kiswahili. Simu inatoka kwao kama udongo na kuwarudia ikiwa na kioo kilichopasuka.

23. Vilivyokufa kabisa nivipeleke wapi?

Usichome waya ili upate shaba. Moshi wa ile plastiki ni sumu. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za taka za aina hii, na chini ya robo ndizo zilizothibitika kukusanywa inavyotakiwa. Kwa kiasi changu kidogo, navua vinavyofaa: transfoma, vipozeo, spika, skrubu, hata waya. Redio ya mtu wa Pangani inaimba leo kwa kapasita ya TV ya mtu wa Muheza. Betri zisizofaa nazitenga kwenye debe lenye mchanga (swali la 13), na anapopita mnunuzi anayezikusanya, anazichukua.

24. Unanunua TV za chogo?

Sinunui. Kioo chake kina madini ya risasi kwa kilo, na ndani yake umeme wa zaidi ya volti 20,000 hubaki hata baada ya kuchomoa, kwa hiyo usiifungue kutafuta shaba na usiwaache watoto waivunje. Kama ni ya bibi na bado inawaka, iache. King'amuzi chenye matundu ya mviringo kinaungana nayo kwa zile waya tatu: njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. Ikiwa TV ina tundu moja tu la sauti, chomeka nyeupe.